Farasi Wangapi

Muuzaji wa Lalín, kalamu nyuma ya sikio,
ananiuliza nataka farasi wangapi.
Namwambia kwetu tulilima kwa ng'ombe wawili,
Marela na Garbosa,
wala hakuna aliyewahi kutuuliza nguvu zao.
Anacheka, analowesha kidole, anafunua kurasa.
Sabini na watano, anasema, ili usijute.
Tisini, ili majirani wajute.

Nimekuja na kamba mkobani.
Ina mafundo mawili, na kati ya fundo na fundo
ni upana wa lango letu:
nguzo mbili za mawe alizosimamisha babu yake Amancio
kwa kipimo cha mkokoteni wake,
asijue kwamba ananipimia na mimi.
Naivuta kamba mbele ya lile la farasi tisini.
Tairi la kushoto, sawa. Tumbo la injini, sawa.
Kamba inaishia hapo; tairi la kulia limebaki nje
kama mgeni asiyealikwa.

Lango huvunjwa, bibi.

Huvunjwa. Na baada ya lango?
Nina hekta mbili na kitu, vipande kumi na vitatu,
urithi uliokatwakatwa kama jibini la matangani:
hapa viazi, pale nyasi,
mizabibu mistari sita yenye njia ya kupita mbuzi,
na kipande ng'ambo ya kijito chenye mwaloni mmoja
ambao nusu ya kivuli chake, kwa hati, ni ya shemeji.

Shemeji Baldomero alinunua la mia na kumi.
Likiingia shambani, shamba limekwisha.
Anakwenda hatua ishirini, anarudi kinyumenyume,
anakata usukani, anatukana watakatifu, anarudi tena,
na zile pembe nne ambazo plau haizifikii
anazilima kwa jembe la mkono, usiku,
ili tusimwone.
Tunamwona.
Mkopo wake unaisha mwaka atakapotimiza sabini na mmoja.

Mtu hujikuna anapofikia, alikuwa akisema mama mkwe,
ingawa yeye alimkuna kila mtu.

Na ardhi yako, anauliza muuzaji, ni tambarare?

Nilikuwa sijaufikia mteremko.
Kipande cha juu, cha nyasi, mwezi wa Mei, umande.
Trekta la kuazima, jembamba, refu,
limeketi juu ya magurudumu yake kama kuku juu ya uzio,
na upinde wa chuma wa kukinga kichwa
umelazwa nyuma ili lipite chini ya matawi.
Amancio alikijua kipande kile kwa miguu mitupu.
Trekta halikukijua.
Nampa muuzaji kiasi hicho tu.
Anaitoa kalamu sikioni, anaifunika kizibo.
Tunatoka mpaka ua wa nyuma, penye mitumba.

Pale tunaanza upya, kwa sauti ya chini.
Farasi baadaye. Kwanza liwe fupi la kimo, pana la makalio
kama wanawake wa ukoo wangu,
ila lisizidi fundo.
Upinde uwe umesimama, nao ugome kulala.
Liwe zito la kuushika udongo wa mvua,
jepesi la kutozama nao.
Kisha napanda kitini, kwa sababu hakuna kitabu
kilichoandika urefu wa miguu yangu,
na kwa mara ya kwanza maishani
klachi inakuja yenyewe chini ya kiatu.

Farasi ishirini na wanane.
Rangi ilikuwa ya chungwa; sasa ni ya chungwa la juzi.
Baldomero atakiita kitrekta. Na akiite.

Jioni nimekipitisha langoni, gia ya kwanza,
mkono mmoja usukanini, kichwa nje.
Kushoto, upana wa kiganja.
Kulia imebaki nafasi zaidi, labda nilipinda:
nafasi ya mtu mmoja, mwembamba,
wa kusimama kando ya nguzo akiniashiria,
njoo, njoo, bado, njoo.